Pikapu Isiyohitaji Fundi

Juzi kijana mmoja pale kwa fundi wa matairi, Migori mjini, aliniambia kwamba Kenya sasa itaanza kuunda magari yake yenyewe. Alikuwa amesikia redioni. Alinieleza polepole na kwa sauti ya juu, vile mnavyotueleza mambo sisi wazee, mkidhani masikio yalistaafu pamoja na mwenyewe. Nikamwambia hongera. Nilipofika nyumbani nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaniuliza kama nimemeza dawa mara mbili.

Vijana, Kenya imeanza kuunda magari mara nyingi tu. Kuanza ndiko tunakokujua. Mimi nilikuwa ndani ya mmojawapo wa mianzo hiyo, au niseme chini yake, maana nilikuwa nimelala chali na grisi machoni karibu miaka yote ya tisini. Nyinyi mnaosomea magari vyuoni, na nyinyi mnaojifunzia barabarani bila cheti, nawaandikia haya kwa sababu najua hayamo vitabuni mwenu. Jina langu ni Mwita, mtu wa Kegonga, fundi mstaafu. Mgongo wangu ulistaafu mapema kidogo kuliko mimi.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Ilikuwa na kiwanda mbali na huku, na tawi Migori lenye gereji, chumba cha kuonyeshea gari moja, na mlingoti wa bendera. Homa Bay tulikuwa na kibanda cha vipuri. Gari letu lilikuwa pikapu, likaitwa Fahari, na kwenye mabango waliandika kwamba ni gari la nyumbani kwa barabara za nyumbani. Aliyeyaandika maneno hayo hakuwahi kufika Kegonga mvua ikinyesha.

Mtaniuliza unyumbani wake ulikuwa wapi. Injini ilikuja kwa meli ndani ya kasha. Giaboksi ilikuja ndani ya kasha lingine. Milango ilikuja imelaliana, imefungwa karatasi ya mafuta. Watu wetu kiwandani walifungua makasha, wakakaza nati, wakapaka rangi. Cha kwetu kilikuwa betri, vioo, viti, matairi na hotuba. Hotuba ilikuwa yetu mia kwa mia, na ndicho kipuri pekee ambacho sikuwahi kuona kikikosekana stoo.

Fundi mkuu wetu alikuwa Mzee Ogola, mtu wa Homa Bay na mzee wa kanisa la Wasabato. Alikuwa hanywi chai, hanywi kahawa, hali kambare, na hasemi uongo. Katika hayo manne, la mwisho ndilo lililotusumbua kazini. Mteja akiuliza kama gari lake limepona, Mzee Ogola alimjibu, "Hapana, imepoa tu," na mteja akarudi nyumbani bila amani. Lakini ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachokijua, pamoja na vile ambavyo sikutaka kuvijua.

Wiki yangu ya pili nilipewa pikapu ya mwalimu mkuu mmoja wa Uriri niifanyie sevisi. Nikaitoa filta ya hewa, nikaona imejaa vumbi jekundu, nikaona huruma. Nikaifua. Niliifua kwa sabuni ya kipande, nikaisuuza mara mbili, nikaianika kidogo uani, nikairudisha ikiwa bado na unyevu maana mwalimu alikuwa na haraka. Pikapu ilifika darajani ikazima. Ilivutwa kurudi, boneti ikafunguliwa, na harufu iliyotoka humo ilikuwa ya nguo za Jumapili. Mzee Ogola hakunigombeza. Aliniwekea ile filta mkononi, karatasi yake imebonyea yote.

"Nyathina, mwanangu, hii ni pua," akasema. "Wewe ukioga unajaza sabuni kwa pua?"

Basi shikeni hili kutoka kwangu: filta ya karatasi haifuliwi. Igongeni kiganjani polepole, ipulizeni kutoka ndani kwenda nje, kisha iinueni mbele ya jua. Mkiuona mwanga, irudisheni. Msipouona, tafuteni nyingine, hata mwenye gari akiwaambia ya zamani bado ni nzuri.

Sasa hayo magari ya Fahari. Siyasemi vibaya, yalitulisha. Lakini yalikuwa yamechorwa na mtu aliyekaa karibu na lami. Chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, ilipata ufa mahali palepale kila mara, nyuma tu ya kibanda cha dereva, upande wa kushoto. Mdomo wa kuvutia hewa ulikuwa chini karibu na gurudumu, kwa hiyo injini ilikula barabara kabla dereva hajala vumbi lake. Springi za nyuma zilikuwa na mabamba matano, nazo ziliketi chini mara tu zilipobebeshwa mahindi ya Kegonga. Na kule Kisegi, ambako pikapu zilibeba samaki, maji ya barafu yalisimama kwenye sakafu ya bodi, yakala bati mpaka siku moja samaki mzima, mbuta, akatoka chini gari likitembea, na watu waliokuwa wakitembea nyuma wakamwokota wakamshukuru Mungu.

Tuliyatibu. Hakuna aliyetutuma, ila wateja walikuwa majirani zetu, na mtu hawezi kumrudishia jirani gari ambalo anajua litalala njiani. Kwenye ufa tulichomelea bamba la chuma kabla ufa haujatokea. Mdomo wa hewa tuliupandisha kwa bomba mpaka usawa wa kioo. Springi tuliziongezea mabamba mawili yaliyotoka kwenye lori bovu, tukiyakata na kuyakunja kwa moto wa mkaa. Mzee Ogola alijua yameiva kwa rangi tu, akisema chuma kikifika rangi ya papai lililoiva, piga, kikipita hapo umechelewa. Sakafuni tulitoboa matundu manne, tukayapitishia mipira ili maji yamwagike nje ya chesisi. Gari lililotoka mikononi mwetu lilikuwa Fahari lingine, zito kidogo, lenye sura ileile.

Yote hayo yalikatazwa. Kitabu cha kampuni kilisema anayechomelea chesisi au kugusa springi amefuta waranti ya mteja na kazi yake mwenyewe. Ndiyo maana tukimaliza tulipaka rangi nyeusi juu ya kila chomeleo, na juu ya rangi tukapaka tope.

Mtasema, kwa nini msiwaambie wakubwa? Tuliwaambia. Kila mwisho wa mwezi kulikuwa na fomu ya kujaza, na ndani yake nafasi ya matatizo yaliyoonekana. Mwaka wa kwanza Mzee Ogola aliijaza ukweli mtupu, kurasa mbili na mchoro wa ule ufa. Jibu lilikuja haraka kuliko kipuri chochote tulichowahi kuagiza. Alitakiwa aeleze kwa maandishi ni kwa nini magari ya kampuni yanavunjika kwenye tawi lake pekee. Tulikuja kujua baadaye kwamba matawi mengine yote yalikuwa na hekima, yanaandika "Hakuna." Tangu hapo kazi ya kujaza fomu nikapewa mimi, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri na dhamiri yangu ilikuwa ya kawaida. Nikaandika "Hakuna" miaka minne. Mkono ulizoea hata nikawa naliandika kabla sijasoma swali.

Wakati huo ndipo yalipoanza kuingia magari yaliyotumika Japani, yakipitia Dubai. Nyinyi mmezaliwa mkiyakuta, hamjui yalivyotutisha. Lilikuja gari limetumiwa miaka minane na mtu mpole, lina redio, lina zulia, kiti kikiinama chenyewe. Lilikuwa zee na bado lilimshinda bibi arusi wetu kwa urembo. Watu waliokuwa wanaimba uzalendo kwenye mikutano walikuja kwetu kutazama bei, wakatusifu kwa kujenga taifa, wakaenda kununua la Dubai.

Mwisho ikaja barua. Tawi la Migori lisipopata mteja mkubwa, litafungwa. Tulikuwa watu tisa. Mzee Ogola alikuwa na watoto sekondari, mimi nilikuwa nimeezeka nusu ya nyumba, na nusu ile nyingine ilikuwa ikitazama mawingu.

Mteja mkubwa alikuwa mmoja tu, kikundi cha akina mama wachuuzi wa samaki wa Kisegi. Kiongozi wao aliitwa Mama Akoth, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kupima. Walitaka pikapu tatu, na mwenye magari ya Dubai alikuwa ameshafika kwao kabla yetu, na zulia lake. Mama Akoth hakubishana na mtu. Alisema kila mmoja alete gari lake, lipakiwe samaki na barafu, lipande kile kilima cha kutoka ufukweni mara tatu mfululizo.

"Mimi sinunui maneno," alituambia. "Hii kilima haisikii maneno. Gari yenye itapanda, hiyo ndiyo tunachukua, na tunachukua hiyo tu."

Makao makuu walifurahi. Walituma habari kwamba Injinia wa kiwanda mwenyewe atakuja kushuhudia, na wakapanga siku bila kutuuliza. Walipanga Jumamosi. Mtu wa Nairobi kuchagua Jumamosi kwa shughuli ya huku kwetu ni sawa na kumwalika padri karamuni Ijumaa Kuu. Nilimpelekea Mzee Ogola habari akiwa chini ya gari, nikaona miguu yake ikitulia.

"Jumamosi mimi niko na mwenye hiyo siku," akasema.

"Mzee, ni tawi lote. Si Mungu anaelewa?"

"Anaelewa. Ndiyo maana alisema mapema." Akatoka chini ya gari, akajifuta mikono. "Gari tutaitengeneza mpaka Ijumaa kabla jua ishuke. Hiyo kilima itapanda. Lakini Mwita, watakuuliza tuliiongezea nini. Wakikuuliza, waambie yote. Hii ndiyo siku yetu ya kusema."

Nikamwambia nitasema. Wakati nasema hivyo nilimaanisha.

Tuliitengeneza pikapu ile kuliko gari lolote maishani mwetu. Bamba la chesisi, bomba la hewa tukalipitisha kwa ndani lisionekane, mabamba ya springi, matundu, hata feni ya rejeta tuliibadilisha kwa moja yenye mapanga mengi. Ijumaa jioni Mzee Ogola aliizunguka mara moja, akaipiga kofi tairi ya nyuma, akaenda zake kuoga.

Jumamosi Kisegi ilijaa. Hata waliokuwa na nyavu za kushona waliziacha. Gari la Dubai lilitangulia, likapanda mara ya kwanza vizuri na redio ikiimba. Mara ya pili redio ilizimwa. Mara ya tatu springi zake zilikuwa zimelala kabisa, ekzosi ikagonga jiwe katikati ya kilima, ikakatika, na gari likanguruma mpaka mbwa wakakimbia. Lilifika juu, lakini likafika likiwa linafuka moshi wa rejeta, na sanduku moja la samaki lilikuwa limebaki njiani.

Fahari nililiendesha mimi. Lilipanda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji ya barafu yalikuwa yakichuruzika kwenye mipira yetu kistaarabu. Nilipofika juu mara ya mwisho nilizima injini, nikaikuta sindano ya joto iko katikati, na niliona fahari kweli, ile isiyoandikwa kwenye bango.

Injinia akaja. Alikuwa mtu mpole wa miwani, na tulipokuwa tukila samaki kabla ya shindano alikuwa amekiri kwangu kwamba kazi yake kiwandani ilikuwa ya ofisini, hajawahi kulala chini ya Fahari hata siku moja. Alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake safi, akachungulia chini, akagonga springi kwa kalamu.

"Bwana Mwita, sikutegemea hii," akasema. "Huko kwingine zinalalamikiwa. Hii mmeifanyia kitu?"

Mama Akoth alikuwa amesimama hapo, karibu kabisa.

"Iko vile ilitoka, Bwana Injinia," nikasema.

"Niambie tu. Kama kuna kitu mmeongeza, nitaandika, nipeleke kwa wanaochora. Sitafuti makosa."

Sasa vijana, nataka mnielewe. Zama zile, mkubwa akikuuliza kwa ukali ulijua yuko wapi. Mkubwa akikuuliza kwa upole, akakuahidi hatafuti makosa, hapo ndipo ulipoanza kuhesabu watoto wako. Niliifikiria ile barua aliyoandikiwa Mzee Ogola. Nilikifikiria kitabu cha kampuni. Nilifikiri, tumeshinda, tawi limepona, kwa nini nilichome kwa mdomo wangu? Na mkono uliokuwa umeandika "Hakuna" miaka minne ulikuwa umeshaufundisha ulimi.

"Hakuna," nikamwambia. "Ni kazi ya kiwanda."

Akatabasamu, akaandika.

Jumapili asubuhi Mzee Ogola alinikuta kwangu, nikiwa nimekaa chini ya ile nusu ya paa. Alikuwa ameshasikia ushindi, nchi nzima ya Suba ilikuwa imesikia. Hakuuliza habari za kilima.

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasema nini?"

Nikamwambia. Akasema, "Basi andika barua kesho. Ulimi ilikuwa yako, hata barua ni yako." Nikamwambia nitaandika. Jumatatu kulikuwa na kazi. Jumanne Mama Akoth alikuja kutia sahihi ya pikapu tatu, tukachinja mbuzi. Jumatano nilikuwa na tumbo la mbuzi. Kila siku ilikuwa na sababu yake nzuri, na mimi nilizipokea zote kwa shukrani.

Barua iliyoandikwa ilikuwa yao. Ilisomwa mbele yetu tisa uani, na ilianza na hongera. Ilisema Injinia ameshuhudia Fahari likipanda kilima cha Kisegi bila marekebisho yoyote. Ilisema kumbukumbu za tawi letu zinaonyesha miaka minne bila tatizo hata moja, jambo ambalo kampuni inajivunia. Kwa hiyo malalamiko ya wateja wa kwingine yatachukuliwa kuwa ni uzembe wa madereva, na mchoro wa gari hautaguswa. Na kwa kuwa eneo la Migori na Homa Bay limethibitika kutohitaji matengenezo, gereji itafungwa mwisho wa mwezi. Pikapu yetu ya maonyesho, ileile iliyopanda kilima, ilichukuliwa ikaoneshwe kwenye maonyesho ya kilimo, ikavishwa utepe. Ilipanda lori na mabamba yetu ndani yake, tope letu likiwa limeoshwa na rangi mpya imepakwa juu.

Kiwanda nacho hakikudumu sana baada ya hapo. Wasomi wataeleza ni Dubai, ni ushuru, ni mikopo. Sibishani nao. Mimi naeleza sehemu ninayoijua, na nina hakika ilikuwa na uzito wake.

Mzee Ogola na mimi tulichukua spana zetu tukakaa kando ya barabara, chini ya mabati manne, tukawa mafundi wa jua kali. Hatukuwa tumemaliza hata msimu mmoja wa mvua alipofika Mama Akoth. Alikuja amekaa mbele kwenye gari la Dubai, na nyuma yake, kwa kamba, lilikuwa likivutwa Fahari moja kati ya yale matatu, jipya, lililotumwa kwake moja kwa moja kutoka kiwandani gereji yetu ikiwa imeshafungwa. Springi zilikuwa zimevunjika pande zote mbili. Ufa ulikuwa nyuma ya kibanda, upande wa kushoto. Samaki wa wiki ile walikuwa wameozea kilimani, na wa yale magari mawili mengine pia.

Alishuka, akatusalimia vizuri, akauliza afya ya nyumba zetu. Kisha akasema, "Fundi, mimi nimekuja kuuliza kitu moja. Hii gari si ile nilinunua. Ile ya siku ile iko wapi?"

Mzee Ogola aliinama akaendelea kupanga nati zake. Hakunisaidia, na nilijua hatanisaidia. Nikamwambia Mama Akoth yote: bamba, bomba, mabamba mawili ya lori, matundu, feni. Nikamwambia na jibu nililompa Injinia, ambalo yeye mwenyewe alilisikia kwa masikio yake siku ile. Nilitegemea matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea, maana matusi humalizika.

Hakunitukana. Alilitazama lile gari, akanitazama mikono.

"Kwa hivyo nyinyi mlikuwa mnajua kutengeneza gari," akasema. "Hapa hapa Migori. Gari ya kupanda Kisegi."

"Ndiyo, mama."

"Na mkaificha, kama mtu ameiba."

Nimeambiwa maneno mengi katika kazi hii, na wateja, na wakubwa, na hata polisi wa barabarani. Hilo ndilo ambalo bado nalibeba mpaka leo, na ndilo lililonifanya nicheke vile nilipomsikia yule kijana na habari zake za redioni. Siku ile, mbele ya Mama Akoth, nilitandika gunia, nikalala chini ya gari, nikaanza kufungua springi.